Mshahara Uliokuwa Unatosha

Mpaka katikati ya miaka ya 1980, noti kubwa kuliko zote Tanzania ilikuwa ya shilingi 100. Mfanyakazi wa kima cha chini mjini mwaka 1975 alilipwa shilingi 380 kwa mwezi: noti tatu za mia na chenji. Kwa fedha hiyo mtu wa Dar es Salaam alipanga chumba Magomeni au Temeke, akala na watoto wake, akapanda basi la UDA kwenda kazini na kurudi, na asipokuwa mtu wa pombe akapeleka kidogo kwao kabla mwezi haujakatika. Hakuwa tajiri hata kidogo. Suruali ilikuwa moja ya kazini na moja ya sikukuu. Lakini aliishi kwa mshahara wake, na mshahara ukamfikisha mwisho wa mwezi. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwa uchungu, kwa sababu wengi waliozaliwa baada ya 1980 hawajaliona likitokea kwa mtu yeyote wanayemfahamu.

Dola moja wakati ule ilikuwa karibu shilingi 8, hivyo 380 zilikuwa kama dola 50. Leo kima cha chini cha mtumishi wa serikali ni shilingi 500,000, kama dola 200 hivi. Anayetazama tarakimu peke yake atasema tumepanda mara nne. Ila dola yenyewe ya 1975 ilinunua karibu mara sita ya dola ya sasa, na hata ukishasahihisha hilo bado hujajua mshahara upi ni mzuri. Ili ujue, lazima uulize mshahara ulitakiwa kulipia nini na nini kilikuwa kimeshalipiwa na mwingine.

Marehemu baba alikuwa karani katika shirika moja la umma. Mwaka 1974 alipokea shilingi 900 na ushee, na pale mtaani aliitwa mtu mwenye kazi nzuri. Siku ya mshahara alirudi na bahasha ya kaki, akala, akanawa, kisha mama akafuta meza na kukaa upande wa pili. Baba alizitoa noti na sarafu zote, akazipanga mafungu: la chakula, la mkaa na mafuta ya taa, la nguo na madaftari, la bibi. Bibi alikuwa Muheza, na fungu lake liliondoka kesho yake mchana kwa hawala ya posta. Fungu la mwisho lilikuwa dogo, mara nyingine noti moja ya 20 tu, na hilo lilikwenda kwenye kitabu cha akiba. Kwa fungu hilo dogo, mwezi baada ya mwezi, alinunua baiskeli, akanunua redio ya National, akamwoza dada yake. Sikumbuki kuwaona wakinong'ona wala kugombana kwenye meza ile. Hesabu ilikuwa inakaa.

Lakini angalia vitu ambavyo havikuwa na fungu. Nyumba ilikuwa kota ya shirika, kodi inakatwa kiasi kidogo kabla bahasha haijafungwa. Asubuhi basi la shirika liliwachukua wafanyakazi barabarani. Mchana walikula kantini. Ukiugua ulikwenda zahanati ya kazini au hospitali ya serikali, na huko hukuulizwa hela. Ada za sekondari zilifutwa mwaka 1964, za shule ya msingi mwaka 1973. Kwa hiyo zile 900 za baba zilikuwa zimebaki na kazi ya kulisha, kuvisha na kutunza jamaa. Mambo mengine makubwa ya maisha ya binadamu yalikuwa yameshabebwa.

Na mshahara wenyewe ulikuwa jambo la kuulizwa hadharani. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewakata sehemu kubwa ya mishahara yao kwa muda. Mwalimu Nyerere aliwafukuza mamia, na siku hiyo hiyo akatangaza kwamba anajipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20, kutoka shilingi 5,000 hadi 4,000 kwa mwezi. Kima cha chini Dar es Salaam kilikuwa 150. Hata baada ya kupunguza, rais alipokea karibu mara 27 ya mfagizi, na yeye aliona pengo hilo ni aibu kwa nchi ya wakulima. Mtu anaweza kumlaumu Mwalimu kwa mengi ya uchumi, nami nimesikia lawama zote. Kwa hili sijaacha kumheshimu: alisema mshahara wake ni shilingi ngapi, akasema ni mwingi mno, akaukata.

Nisiipambe zaidi ya ilivyokuwa. Sensa ya 1967 ilihesabu watu milioni 12 na ushee, na wenye mshahara walikuwa wachache sana kati yao. Bibi yangu wa Muheza alivuja jasho shambani maisha yake yote na hakuwahi kuona bahasha ya kaki yenye jina lake. Kutosheka kwa baba kulisimama kwa sehemu juu ya bei ndogo aliyolipwa mkulima wa mahindi.

Kilichofuata kila mtu wa rika langu anakijua mwilini. Mafuta yalipanda bei mwaka 1973, ukame ukaja juu yake, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, kisha vita vya Kagera. Serikali ilipandisha kima cha chini, 480 mwaka 1980, 600 mwaka uliofuata. Kwenye karatasi watu walikuwa wanaongezewa. Madukani hakukuwa na kitu. Mama alikuwa anaamka alfajiri kwenda kupanga foleni ya sukari, na kama ana mtoto mgonjwa aliweka jiwe mahali pake, jiwe likasogezwa na wenzake hadi arudi. Siku nyingine aliambulia nusu kilo, siku nyingine mche mmoja wa sabuni ya kufulia, siku nyingine alirudi na kapu lake kama alivyoondoka. Bei ya serikali ilikuwepo ukutani, imeandikwa kwa chaki. Bidhaa yenyewe ilikuwa kwa mlanguzi, kwa bei ambayo fungu la chakula la baba halikuifikia.

Usafiri ulikuwa hivyo hivyo. Mabasi ya UDA yalikuwa yameoza kwa kukosa vipuri, na mwaka 1983 serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi, nauli shilingi 5. Piga hesabu: kwenda na kurudi siku 26 ni shilingi 260, na kima cha chini ni 600. Karibu nusu ya mshahara iliishia kwa kondakta. Ndiyo maana alfajiri barabara za kutoka Temeke na Buguruni zilijaa watu wazima waliovaa vizuri, wanatembea kwa miguu kwenda mjini, viatu vimebebwa mkononi visije vikaisha soli.

Mwaka 1984 ruzuku ya sembe iliondolewa. Bei ya sembe ikapanda zaidi ya mara mbili kwa mkupuo, na kima cha chini kikapandishwa hadi 810 ili kufidia, ongezeko la asilimia 35. Mwaka 1986 tukakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na dola iliyokuwa shilingi 17 mwaka uliotangulia ikawa 40, kisha ikaendelea kupanda mpaka ikakaribia 200 mwaka 1990. Mtafiti Aili Mari Tripp, aliyeishi Dar es Salaam akizungumza na wafanyakazi miaka ile, aliandika kwamba thamani halisi ya mshahara ilianguka kwa asilimia 83 kati ya 1974 na 1988. Nilipokutana na takwimu hiyo nikiwa mtu mzima niliweka kitabu chini. 1974 ni mwaka wa bahasha ya baba. Katika kila shilingi 100 alizopanga mezani, 83 ziliyeyuka, na yeye alikuwa bado anaamka saa ileile, anakwenda ofisi ileile, anaandika kwenye leja zilezile kwa mwandiko uleule mzuri.

Tukafuga kuku. Banda lilikuwa nyuma ya kota, la mabanzi na wavu, na harufu yake iliingia mpaka chumba cha kulala. Mama alikaanga maandazi usiku na kuuza barafu za ukwaju mchana. Majirani walikuwa hivyo hivyo: mwalimu alifundisha tuisheni sebuleni kwake, nesi alichoma sindano uani, wahadhiri wa Mlimani walifuga ng'ombe na kuku katika nyumba za chuo. Mayai ndiyo yaliyotulisha. Baba alianza kutoka kazini saa tano asubuhi kwenda kutafuta pumba na mashudu, koti lake likabaki kwenye kiti ili bosi akipita ajue yupo. Bosi naye koti lake lilikuwa kwenye kiti. Katika miaka ile mafungu ya mezani yalikoma. Bahasha iliingia ndani ya kabati bila kufunguliwa siku hiyo, na sisi watoto tulijua tusiulize.

Kwangu mimi hapo ndipo nchi ilipoumia zaidi kuliko kwenye foleni za sukari. Foleni zilikwisha. Kuanzia 1984 watu waliruhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao za nje, na chini ya urais wa Mzee Mwinyi madirisha ya Kariakoo yalijaa. Lakini tulikuwa tumeshajifunza kwamba mshahara si kitu cha kuishi nacho, na ofisi ni mahali pa kuanzia tu. Ndipo posho ikawa muhimu kuliko mshahara, semina ikagombewa, safari ya kikazi ikawa zawadi ya kumpa mtu wako, na mwananchi aliyekuja kutafuta hati yake akaombwa chai. Sisemi wote walifanya hivyo. Baba hakufanya, na alilipia kwa mgongo wake akibeba magunia ya pumba. Ila kizazi kizima cha watumishi waaminifu kiliwekwa mahali ambapo uaminifu ulimaanisha watoto kulala njaa, na nyongeza za mishahara zilizokuja baadaye hazijaufuta ule mtindo.

Wakati huohuo yale yaliyokuwa yamebebwa yalianza kurudishwa moja moja kwenye bahasha. Ada za sekondari zilirudi 1985. Uchangiaji wa gharama hospitalini ulianza 1993. Nyumba za mashirika ziliondoka pamoja na mashirika yenyewe. Elimu ya juu, ambayo kaka zetu waliipata bure na posho ya kujikimu juu yake, tangu 2005 imekuwa ya Bodi ya Mikopo. Mwaka 2016 ada zilifutwa tena hadi kidato cha nne, na ninaishukuru hatua hiyo kwa moyo wote, maana nimeona watoto wa mtaani kwetu waliokwenda shule kwa sababu hiyo tu. Lakini mtu mwenye mshahara wa kuitwa mshahara, akiangalia darasa lenye watoto mia, anampeleka wake shule ya kulipia yenye basi la njano, na hapo fungu jipya kubwa linazaliwa ambalo baba hakuwahi kulifikiria.

Mwaka jana mpwa wangu, mtoto wa dada, alipata kazi ya uhasibu Dar. Alinipigia simu: "Shikamoo mjomba. Wamenipa laki nane. Ni mshahara mzuri?"

Nilimwambia aje na karatasi tukae. Laki nane, mfuko wa hifadhi ya jamii asilimia 10: 80,000 zimeondoka. Kodi ya mapato inaanza pale mshahara unapovuka 270,000, asilimia 8 mpaka 520,000, kisha asilimia 20. Kwake, ikikokotolewa baada ya kutoa mfuko, ikawa 60,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara wote: 120,000. Zilizobaki ni 540,000. Alizitazama muda mrefu. Kisha tukaandika upande wa pili. Chumba, sebule na jiko Tabata au Kimara, 150,000, lakini mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa pamoja, na dalali anataka yake ya mwezi mmoja. Hiyo ni 1,050,000 kabla hajalaza ubavu usiku wa kwanza, na mshahara wa kwanza utakuja baada ya siku 30.

Kijana mwenye kazi nzuri, kwa hiyo, anaanza kazi akiwa na deni. Akikopa kwa ndugu ana bahati. Asipokuwa naye, kuna mikopo ya kwenye simu, na kuna ile ya mtaani ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu, na anayeichukua anajua kwa nini inaitwa hivyo. Miezi michache baadaye benki itampigia yenyewe. Sheria inataka mtumishi abakiwe na theluthi moja ya mshahara baada ya makato, na nimeona slipu nyingi zilizokaa juu ya mstari huo huo wa theluthi, kama mtu aliyesimama majini na maji yamefika kidevuni. Siku hizi ukiwasikia watu ofisini wakisifu kazi ya fulani, hawataji kiwango. Wanasema anakopesheka. Baba alijenga akiba kidogo kidogo kisha akanunua baiskeli; mpwa wangu atanunua gari kisha atalipa mpaka liishe kuchakaa.

Ni lazima nimtendee haki yeye na wakati wake. Anayesema kila kitu leo ni kigumu kuliko zamani hasemi kweli. Nauli ya chini ya daladala ni shilingi 600. Kwenda na kurudi siku 26 ni 31,200, sehemu ndogo sana ya mshahara ukilinganisha na zile 260 za mtu wa kima cha chini wa 1983. Sukari ipo. Hata mwanzoni mwa 2024 ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo na watu wakalia, ilikuwa bado ipo dukani kwa Mangi, inapimwa robo. Hakuna anayeacha jiwe kwenye foleni. Na Mei Mosi ya 2025, Singida, Rais Samia alipotangaza kima cha chini cha serikali kutoka 370,000 hadi 500,000, asilimia 35.1, nilifurahi pamoja na waliokuwa uwanjani, kwa sababu najua 130,000 ni nini nyumbani kwa mhudumu wa ofisi.

Kuna mshahara mmoja unaonikosesha raha kila ninapousikia ukitajwa. Amri ya mishahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilimwekea mtumishi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wake kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Mume na mke walioajiriwa, wanaotoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku, hawawezi kufanya kazi hata siku moja bila dada wa kazi. Mishahara yao miwili inasimama juu ya huo wake. Tunapoulizana kama laki nane inatosha, mara nyingi inatosha kwa sababu kuna msichana wa Singida au Iringa ambaye mshahara wake hautoshi, na yeye hatumkalishi mezani na karatasi.

Mpwa wangu alikuwa na barua nyingine ya kazi, hospitali ya misheni mkoani Njombe, 650,000 pamoja na nyumba. Makato yakiondoka zingebaki 454,500, pungufu ya 85,500 tu kuliko za Dar, na kodi ya nyumba ni sifuri, viazi na mahindi vinatoka jirani. Kwa hesabu ya kawaida mshahara mdogo ulikuwa ndio mkubwa. Nilimwambia hivyo. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akaniambia, "Mjomba, nikikaa huko miaka mitatu nani atanikumbuka?" Sikuweza kumbishia. Kazi ya pili na ya tatu zinapatikana hapa Dar, kwa watu wanaokutana hapa.

Akachagua Dar, na hakupanga Tabata wala Kimara. Anakaa Mbagala kwa mama yake, katika nyumba ambayo baba aliijenga tofali kwa tofali kati ya 1986 na 1994 kwa fedha ya mayai. Kodi halipi. Zile 150,000 za kila mwezi ambazo mwajiri wake angepaswa kuziona anapopanga viwango, anazilipa babu yake aliye kaburini, karani ambaye mshahara wake ulimfia mikononi akiwa bado kazini. Huko ndiko nyumba za kota zilikokwenda: zimehamia kwenye migongo ya wazee wetu, na makampuni yanalipa kana kwamba kila kijana anayeajiriwa ana babu wa namna hiyo.

Si wote walio naye. Mwenzake wa meza ya jirani ametoka Kigoma, amesoma chuo kilekile, ameajiriwa wiki ileile kwa laki nane ileile. Slipu zao ni sawa mpaka senti. Yeye alikopa ile milioni na ushee, na mpaka sasa anakula mchana kwa mama lishe siku za mwanzo wa mwezi tu. Mpwa wangu anampa mama yake hela, amejiunga kwenye mchezo wa kupeana fedha na wenzake, na ameanza kuulizia kiwanja Chanika. Mwenzake anaulizia kazi nyingine yoyote ya jioni. Ikifika Mei Mosi wataongezewa asilimia ileile.